Sauti Iliyobaki: VJ kama Fanani katika Filamu ya Who Killed Captain Alex?

1.0 Utangulizi

Katika semina zetu za fasihi simulizi ipo hoja inayorudiwa mpaka imekuwa kama sala: maandishi hudumu, sauti hupotea. Ukiulizwa tofauti kati ya fasihi simulizi na fasihi andishi, ukiwa mwaka wa kwanza utaanza na hiyo, ukiwa mwaka wa tatu utamalizia na hiyo hiyo, na alama utapata. Makala haya yananuia kuitikisa hoja hiyo kwa kutumia kazi moja ambayo wengi wetu tumeitazama kwenye simu, tukacheka, tukaipita. Kazi hiyo ni filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa na Isaac Nabwana, maarufu kama Nabwana I.G.G., katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Uganda, na kutolewa mwaka 2010.

Ni filamu ya nyumbani kwa maana kamili ya neno hilo. Uhariri ulifanywa kwenye kompyuta iliyoungwaungwa kwa vipuri vya zamani, bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu, na waigizaji walikuwa watu wa mtaani waliojitolea. Kionjo chake kiliwekwa kwenye YouTube mwaka 2010, na filamu nzima ikafuata mwaka 2015. Tangu hapo imetazamwa na mamilioni ya watu ambao Wakaliga hawaijui hata kwenye ramani.

Lakini nakala tunayoitazama leo si filamu kama ilivyokuwa mwanzo. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kutosha. Ili aanze kazi mpya, ilimbidi afute ya zamani. Nakala iliyosalimika ni ya DVD, ambayo tayari ilikuwa imewekewa sauti ya msimuliaji aitwaye VJ Emmie juu ya picha. Filamu "safi", isiyo na msimuliaji, haipo tena. Kwa hiyo tunachokiona kimeokoka kwa sababu kilikuwa kimeshikamana na sauti ya mtu anayesimulia.

Hoja yetu basi ni hii: katika kazi hii kitovu cha sanaa kipo katika sauti ya VJ kuliko katika picha, na VJ huyo ni fanani kwa maana ile ile tunayofundishwa darasani. Mhakiki asiyeliona hilo atabaki kuhesabu upungufu wa vifaa na kudhani amehakiki.

2.0 VJ ni nani?

Nchini Uganda majumba madogo ya kuonyeshea video huitwa bibanda. Neno hilo halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili, kwani vibanda vya video tumevijua sisi wenyewe. Filamu za Marekani, Hong Kong na India zilipoonyeshwa humo, watazamaji wengi hawakuielewa lugha. Hapo ndipo alipozaliwa VJ. Hukaa na kipaza sauti, huipunguza sauti ya filamu, kisha huieleza kwa Kiganda: nani ni nani, anasema nini, anakwenda wapi na kwa nini ni mjinga kwenda huko. Hutafsiri, hufafanua, hutania, huwapa wahusika majina ya mtaani.

Hapa Tanzania nasi tulikuwa na Lufufu. Filamu za kigeni zilizotiwa sauti yake ya Kiswahili zilisambaa kwa kaseti na baadaye kwa DVD, na wapo watu wazima leo ambao ukiwatajia filamu fulani ya mapigano hawamkumbuki mwigizaji, wanaikumbuka sauti ya Lufufu. Cha ajabu, majina ya watu hawa hayaonekani kabisa katika orodha zetu za wasanii wa masimulizi. Tunamtafuta fanani kijijini, kando ya moto, tena awe bibi kizee, ilhali alikuwapo kibandani amekaa na kipaza sauti, na kiingilio tumelipa.

Nabwana mwenyewe alitoka katika mazingira hayo hayo ya masimulizi. Ameeleza mara nyingi kwamba alipokuwa mtoto hakuziona sinemani filamu alizozipenda. Kaka zake ndio walioziona, wakarudi nyumbani na kumsimulia. Alizijua kwanza kwa sikio. Tukilizingatia hilo, haishangazi kwamba mtu aliyepokea sinema kama ngano akaitengeneza sinema inayohitaji mtambaji.

3.0 Zana duni na uhakiki duni

Kabla ya kuingia katika uchambuzi, hatuna budi kuondoa vikwazo viwili njiani.

Kikwazo cha kwanza ni kejeli. Wenzetu husema, "Ile si kazi, ni utani." Helikopta ni ya kompyuta na inaonekana wazi kuwa ya kompyuta, moto umebandikwa juu ya majengo kama stempu juu ya bahasha, damu inaruka kabla risasi haijafika. Yote hayo ni kweli. Lakini mbona hatuicheki ngano kwa sababu sungura hasemi? Kila sanaa ina makubaliano yake na hadhira. Kwenye jukwaa, kiti kimoja kikiitwa ikulu tunakubali kuwa ni ikulu. Mtazamaji wa Wakaliga anajua kuwa bunduki ile ni bomba lililochomelewa. Mchomeleaji ni jirani yake.

Kikwazo cha pili ni huruma, nacho ni kibaya zaidi kwa sababu kimevaa vazi la sifa. Kila anayeiandika filamu hii hukimbilia gharama yake, ambayo hutajwa kuwa chini ya dola 200 za Kimarekani. Eti kwa dola 200 wamejitahidi! Sifa hiyo haisemi lolote juu ya kazi. Inawasifu watu kwa umaskini wao kisha inawaacha hapo. Zaidi ya hayo, hesabu yenyewe ina udanganyifu. Dola 200 hazikuhesabu siku za waigizaji waliojitolea bila ujira, wala miguu ya wale waliotembeza DVD nyumba hadi nyumba ili wagawane mapato kabla wezi wa kunakili hawajawahi soko. Rahisi hapo ni vifaa tu, kwani jasho halikuandikwa.

Kejeli na huruma zinafanana kwa jambo moja: zote mbili zinakataa kuihakiki kazi. Mwenye kejeli anasema haistahili, na mwenye huruma anasema tusiionee. Mtu aliyekaa mwezi mzima juani akipiga picha anastahili heshima kubwa kuliko hiyo, nayo ni kusomwa kwa makini na kuambiwa alipofaulu na alipokwama.

4.0 Uchambuzi

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anaiona fasihi simulizi kuwa ni tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Tutayatumia mambo hayo kama mizani. Ubora wa mizani hiyo ni kwamba haiulizi kazi imetumia chombo gani, bali nani anatenda, mbele ya nani, wapi na lini.

4.1 Fani inayotendwa

Kisa ni chepesi. Kapteni Alex, komando hodari wa jeshi la Uganda, anapewa kazi ya kulivunja genge la Tiger Mafia linaloongozwa na Richard. Ndugu yake Richard anakamatwa, Richard anaapa kulipiza kisasi. Wakati tukisubiri majogoo hawa wawili wapigane, Alex anakutwa ameuawa. Anatokea nduguye Alex, Bruce U, bingwa wa kung fu, kuja kumtafuta muuaji. Mapigano yanafuatana, Kampala inashambuliwa kutoka angani, jeshi linajibu, filamu inakwisha. Nani alimuua Kapteni Alex? Hatuambiwi.

Kwa kanuni za riwaya ya upelelezi hilo ni kosa la kumfelisha mtu. Taharuki imejengwa tangu kwenye jina la kazi halafu ikaachwa njiani. Lakini tuitazame kwa jicho la semi zetu. Kitendawili kikishindikana mtegaji hudai mji, akishapewa mji ndipo hulitoa jibu. Filamu hii inatega, haidai mji, na inaondoka na jibu lake mfukoni. Je, ni makusudi au ni uzembe? Tukiiangalia picha peke yake, tunaelekea kusema ni uzembe, kwani hakuna mhusika anayelichunguza swali kwa dhati; hata Bruce U anasahau alichokifuata mara ngumi zinapoanza. Lakini VJ halisahau. Yeye ndiye anayelirudisha swali, analigeuza mzaha, na kulifanya pengo hilo kuwa mchezo kati yake na sisi. Kasoro ya msuko imegeuzwa kuwa mali ya msimuliaji. Watambaji hodari wote wanaijua mbinu hiyo: ukisahau kipande cha hadithi, usikae kimya, wafanye watu wacheke.

4.2 Fanani

Wapo watakaosema VJ ni mkalimani tu, na ukalimani si utunzi. Katika vibanda hoja hiyo ingekuwa na mashiko kidogo. Katika nakala hii haina. Wahusika wanazungumza Kiganda, na tafsiri ya Kiingereza imeandikwa chini ya picha. Kazi ya kutafsiri imekwisha kufanywa na maandishi. Naye VJ Emmie anazungumza Kiingereza juu ya yote hayo, wala hasumbuki kutueleza wahusika wamesema nini. Sasa kama hatafsiri, anafanya nini pale?

Anafanya yaliyobaki, na yaliyobaki ndiyo usanii wenyewe. Kwanza, anatangaza: komando akitokea, anamwita "komando!" kwa majigambo, kama manju amtambulishaye bingwa wa ngoma. Pili, anatabiri, akituonya kuwa mambo makubwa yanakuja hata pale ambapo kwa muda mrefu hayaji. Tatu, anawasimanga wahusika: huyu mwoga, yule hajui kupigana, wote watakufa. Nne, anajaza ukimya. Filamu ina sehemu dhaifu ambapo watu wanatembea tu au wamekaa tu, na bila sauti yake tungesinzia. Anaingiza utani, anaimba, anapiga makelele, na sehemu iliyokufa inafufuka.

Ukiyaangalia haya manne utaona si mageni. Ndiyo tunayoyaorodhesha katika mitihani chini ya kichwa "sifa za fanani bora": kubadili sauti, kuingilia masimulizi, kuishirikisha hadhira, kutumia ucheshi. Tofauti ni kwamba mtambaji wa ngano anaimiliki hadithi, lakini VJ anaikuta tayari. Hawezi kuibadili picha. Akitaka Alex asife, Alex atakufa tu. Uhuru wake wote umo katika namna ya kusema. Hili humfanya afanane na mghani wa utenzi aliyeupokea kutoka kwa mwingine: beti amezikuta, sauti ni yake. Hakuna anayethubutu kusema mghani si msanii.

4.3 Hadhira

Hapa ndipo sifa zetu zinapopungua. VJ wa kibandani anaiona hadhira yake. Watu wakichoka anaongeza chumvi, wakicheka sana anasubiri. VJ wa YouTube haoni mtu. Kicheko alichokitarajia amekipigia hesabu siku ile aliporekodi, na tangu siku hiyo anasubiri kwa sekunde zile zile, ucheke usicheke. Mulokozi angetuuliza: uko wapi mwingiliano? Jibu la haki ni kwamba upande mmoja wa mwingiliano umegandishwa. Sauti ya fanani imehifadhiwa, lakini uwezo wake wa kusikiliza haukuhifadhiwa. Kwa hiyo tusikimbilie kuiita fasihi simulizi kamili. Tuseme ni usimulizi uliogandishwa, unaohitaji watazamaji wenyewe kuuyeyusha. Ndiyo maana filamu hii hainogi ukiitazama peke yako. Itazameni watu sita chumbani, mtaanza wenyewe kumjibu VJ.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni lugha. VJ wa kibandani alizaliwa ili kuiondoa lugha ya kigeni katika njia ya mtazamaji. Katika nakala hii fanani yule yule anamsemesha mgeni kwa lugha ya mgeni. Anamtembeza Uganda kama mwenyeji anavyomtembeza mtalii, akimtajia kila mara kuwa hii ni Uganda, hawa ni makomando wa Uganda. Mwelekeo umegeuka. Na mgeni aliitikia kweli: Mmarekani Alan Hofmanis alikiona kionjo akaenda Kampala mwaka 2011, akawa mshiriki wa kazi zao; na mwaka 2015 walipowaomba watu wa mtandaoni dola 160 tu kwa ajili ya filamu nyingine, walichangiwa zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2022 kundi la Wakaliga lilialikwa kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta huko Kassel, Ujerumani.

Je, tuwalaumu? Mlalahoi akipata mnunuzi wa mbali hatumlaumu. Lakini mhakiki lazima aulize nini kimebadilika katika kazi hadhira ilipobadilika. Kwa maoni yetu, utani wa VJ katika Kiingereza unalegea kidogo kila unapoeleza, na unakaza kila unapoacha kueleza. Pale anapomfafanulia mgeni Uganda ni nini, anakuwa mwongoza watalii. Pale anapopiga kelele tu kwa furaha ya kuona ngumi, anarudi kibandani, na mgeni analazimika kumfuata huko. Kiingereza chenyewe amekivunja akakiunga upya kwa mapigo yake. Hapo ameshinda.

4.4 Tukio, mahali na wakati

Kibanda kilikuwa na saa yake, kiingilio chake na joto lake. Simu haina saa wala kiingilio. Mtu anaweza kuikata filamu katikati, akapokea simu ya mjomba, akarudi. Tukio limevunjwa vipande. Lakini picha yenyewe imebeba mahali pake waziwazi. Kwa kuwa hapakuwa na fedha za kujenga mandhari, vita vyote vinapiganwa katika uwanja halisi, penye nyumba halisi na vichaka halisi. Filamu za gharama hujenga jiji la uongo mpaka tuliamini. Hii inatuonyesha mtaa wa kweli na kutuomba tuamini uongo mdogo tu uliopachikwa juu yake. Kwa hiyo umaskini wa zana umeacha mlango wazi kwa uhalisia ambao hata mtengenezaji labda hakuukusudia. Miaka 50 ijayo mwanahistoria hataitazama helikopta, atazitazama nyumba.

5.0 Msimamo wa filamu

Tumekwisha kusema kuwa heshima ya kweli ni pamoja na kukosoa. Tukosoe basi.

Kimaudhui filamu hii ni fukara kuliko ilivyo fukara kivifaa. Jeshi ni jema kwa sababu ni jeshi, genge ni baya kwa sababu ni genge. Genge limetokana na nini, linamwuzia nani, linalindwa na nani, hatuambiwi. Nchi iliyopita katika utawala wa Idi Amin kuanzia 1971 hadi 1979, kisha katika vita vya msituni vya 1981 hadi 1986, ina mengi ya kusema juu ya mtu mwenye bunduki. Filamu inalinyamazia jambo hilo na kuazima kauli ya Hollywood kwamba mwanajeshi ndiye mwokozi. Huo ni utegemezi wa mawazo, ambao haukulazimishwa na ukosefu wa fedha. Fikra haziuzwi dukani. Aidha, wahusika wa kike wamewekwa pembeni, na vifo ni vingi mno hata kifo cha Alex mwenyewe hakipewi kilio chake.

Hata hivyo, sauti ya VJ inafanya jambo ambalo msuko haufanyi. Inawacheka wenye bunduki wote, wa serikali na wa genge. Komando anayejiona simba anasimangwa kama mtoto. Bunduki ambayo kwa macho ni chuma chakavu inakuwa chakavu kwa masikio pia. Huo si uchambuzi wa kisiasa, la hasha, lakini si bure. Watu waliowahi kujificha kutokana na bunduki wanapoishika ya bandia na kuicheka hadharani, hofu fulani inapungua. Picha inatii kauli ya Hollywood, sauti inaizomea. Mgongano huo ndio uhai wa kazi hii, na usingekuwapo kama ile nakala "safi" ndiyo ingeokoka.

6.0 Hitimisho

Tulianza na sala ya semina, kwamba maandishi hudumu na sauti hupotea. Wakaliga imetuonyesha kinyume chake. Kilichowekwa katika mashine kama kazi kamili kilifutwa ili kupisha kazi nyingine. Kilichotamkwa juu yake na msimuliaji ndicho kilichosafiri hadi kwetu, kikibeba mabaki ya picha mgongoni. Udumifu basi hautokani na chombo peke yake, uwe wino, utepe au diski. Unatokana na kuwapo kwa watu wanaotaka kuisikia tena kazi hiyo. Chombo cha bei nafuu kinafutika upesi, lakini kinanakilika upesi vilevile, na kinachonakiliwa ni kile kilichopendwa.

Kwa sisi wanafunzi wa fasihi somo ni la karibu. Vijana wa mitaani kwetu nao wanatengeneza visa kwa simu, wanavihariri kitandani, wanavitia mtandaoni. Vingi ni vibaya, kama vile mashairi mengi ya magazetini yalivyokuwa mabaya. Vichache ni vizuri, na hatutavijua vipi kama hatuvihakiki? Zana za kuvipima tunazo tangu 1989. Tulichokosa ni nia ya kuziondoa kwenye daftari na kuzipeleka mahali ambapo fanani yupo, hata kama hapo hakuna moto wala bibi kizee, ila mtu mmoja na kipaza sauti, akiwaonya watazamaji asiowaona kwamba mambo makubwa yanakuja.